Hazards Near Me ya New South Wales: nyota 4, ila usiiachie roho yako peke yake

Naona watu wetu wengi wanazidi kuhamia miji midogo ya New South Wales, kodi za Sydney zimewashinda, sasa kila kiangazi cha Australia kikikaribia maswali kwenye magrupu ni yale yale, huu moto wa porini tutaujuaje na tukimbilie wapi. Basi leo niiongelee hii programu ya Hazards Near Me ambayo mi naitumia, uzuri wake na pale inapoishia.

Ni ya bure. Taarifa zake za moto zinatoka Rural Fire Service, RFS kwa kifupi, wale wazima moto wa vijijini ambao karibu wote ni wa kujitolea na wanapita 70,000. Zamani ilikuwa Fires Near Me, hii mpya wameongeza mafuriko na tsunami. Ukikaa Victoria tumia VicEmergency, kila jimbo na yake, na hili linaudhi sana kwa walioko mpakani manake inabidi uwe na mbili kwenye simu wakati moto wenyewe haujui jimbo.

Ukiifungua unakuta ramani ina pembetatu za rangi. Njano ni Advice, kuna moto ila haujakukaribia, fuatilia. Chungwa ni Watch and Act, hali inabadilika, kama ulipanga kuondoka basi ndo sasa. Nyekundu ni Emergency Warning, na kwa nyekundu mara nyingine ujumbe wenyewe unakwambia umeshachelewa kuondoka, jikinge ndani ya jengo imara. Mama yangu alikuja kukaa na sisi, Kiingereza hasomi, akaniuliza, "Mwanangu, nikiona hiyo ya chungwa nifanye nini?" Nikamwambia mama, ukiona chungwa vaa viatu, vaa nguo ya pamba ya mikono mirefu, nailoni usiguse, beba dawa zako tukutane kwenye gari. Rangi anazijua kwa hiyo inamtosha, hapo nawapa hongera waliobuni.

Ukigusa pembetatu inatoka kadi, inakuonyesha hali ya moto kama umedhibitiwa au bado, ukubwa kwa hekta, halmashauri gani, na saa taarifa ilipowekwa. Jicho langu linaenda kwanza kwenye hiyo saa. Moto wenye upepo mkali mgongoni ndani ya saa moja unaweza kuwa kwingine kabisa na pembetatu bado imetulia pale pale, watu wanaangalia rangi tu hawaangalii saa.

Halafu umbali wa kwenye ramani usikupe usingizi. Nyumba nyingi haziungui kwa sababu ule ukuta wa moto umezifikia, zinaungua kwa cheche, vipande vya magome ya mikaratusi vinavyopeperushwa na upepo vikiwa vinawaka, vinaingia chini ya bati, kwenye mfereji wa maji uliojaa majani makavu, chini ya baraza la mbao. Ile Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009 kule Victoria, wanayoiita Black Saturday, cheche ziliwasha moto mpya hata kilomita 30 mbele ya moto wenyewe. Watu 173 walikufa siku ile, nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea, mji wa Marysville ulibaki majivu karibu wote. Kwa hiyo ile duara ya kufuatilia ambayo programu inakuruhusu kuichora usiibane kwenye nyumba yako tu, ichore kubwa, na chora nyingine kwenye barabara unayotokea, manake kuna miji njia ni moja tu na ikifungwa ndo imeisha hiyo.

Sasa nyota moja nimeitoa wapi. Sio kosa la programu yenyewe, ni kwamba siku moto ukiwa mbaya kabisa ndo siku inaweza isifanye kazi. Mwisho wa 2019 kuingia 2020, ule msimu wa Black Summer, pwani ya kusini kote huko Cobargo, Lake Conjola mpaka Mallacoota ya Victoria, umeme ulikatika, minara ya simu mingine ikaungua, mingine betri zikaisha, watu wakabaki na simu za bei kubwa mkononi hazina hata ka-mstari kamoja ka mtandao. Programu bila mtandao ni kibatari bila mafuta. Mallacoota watu kama 4,000 walikimbilia ufukweni asubuhi ya tarehe 31 Disemba anga ikiwa nyeusi kama usiku halafu ikageuka nyekundu, na kwa vile barabara ilifungwa ikabidi meli ya jeshi la majini HMAS Choules ije kuwabeba zaidi ya 1,000. Na umeme ukienda pampu za mafuta hazivuti, mashine za kadi hazisomi, kwa hiyo weka keshi kidogo na tenki lisishuke chini ya nusu msimu huo.

Ndo maana nasema nunua na redio ya betri, ya kawaida kabisa. ABC, shirika la utangazaji la taifa la Australia, ndo redio ya dharura, tafuta masafa ya eneo lako mapema uandike kwenye karatasi ubandike kwenye friji, usiseme utagugo siku hiyo.

Kitu ambacho hakuna programu inayokionyesha ni kinachofuata. Moto ukizimwa pembetatu inatoka kwenye ramani, safi kabisa, kama hakujatokea kitu. Black Summer iliua watu 33 moja kwa moja, moshi unakadiriwa kuua zaidi ya 400 wengine, nyumba zaidi ya 3,000 zilienda, hekta zaidi ya milioni 24 ziliungua. Ramani ikarudi kijani ndani ya wiki chache tu baada ya mvua za Februari. Lakini nenda kamuulize mtu aliyepoteza nyumba pale Cobargo aliishi kwenye karavani muda gani. Kujenga upya sio kurudisha ulichokuwa nacho, lazima kiwanja kipimwe kiwango cha hatari ya moto, wanaita BAL, inaanzia chini mpaka BAL-FZ ambayo ni ya kwenye ndimi za moto zenyewe, na kila ukipanda ngazi vioo ni vingine, milango ni mingine, wavu wa madirisha matundu yasizidi milimita 2, gharama inaruka, na bima uliyokata ilikuwa ya nyumba ya zamani. Jirani yangu kampuni yake ya bima, siitaji, ilimzungusha mpaka mkewe akasema bora tuuze majivu tuondoke.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne wamezifuatilia jamii za Black Saturday kwa miaka mingi. Wengi walisimama tena, hilo ni kweli, ila wapo wasio wachache ambao miaka imepita na bado akili haijatulia, wanawake wa maeneo yaliyoathirika zaidi waliripoti kufanyiwa ukatili zaidi kuliko wa kwingine, na watoto wa shule za maeneo hayo walikuja kubaki nyuma kwenye kusoma na hesabu miaka kadhaa baadae, wakati kila mtu keshasahau na misaada ishakauka. Mi hapa ndo nina hasira napo. Siku ya moto serikali iko vizuri sana, ndege, helikopta, mikutano ya waandishi. Mwaka wa pili mwaka wa tatu unapigiwa muziki wa kusubiri kwenye simu. Hata michango, wakati wa Black Summer mchekeshaji Celeste Barber alichangisha zaidi ya dola milioni 50 za Australia, watu dunia nzima wakitoa wakiamini zitawafikia na waliounguliwa, 2020 mahakama ikasema hapana, mfuko uliotajwa ni wa RFS na hauwezi kugawia mashirika mengine. Sheria ni sheria lakini inauma.

Haya turudi kwenye simu. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 viwango vya hatari ya moto kwa siku viko vinne nchi nzima, Moderate, High, Extreme na Catastrophic, utaviona kwenye vibao vya nusu duara barabarani. Ikitangazwa Catastrophic usisubiri programu ilie, ondoka asubuhi au usiku wa kabla, nyumba hazijajengwa kuhimili siku ya namna hiyo hata ukiwa na pampu na bomba refu kiasi gani. Nenda mjini kashinde dukani, kitakachopotea ni siku ya kazi tu.

Kwa wenye wazazi wasiojua Kiingereza, namba ya wakalimani ni 131 450, unaomba Kiswahili unawaambia wakuunganishe na RFS 1800 679 737, hiyo ni ya kupata taarifa. Moto ukiuona kwa macho au mtu yuko hatarini ni 000 moja kwa moja.

Ah na kingine, simu nyingi zinazima arifa za programu ambayo hujaifungua muda mrefu, kwa hiyo msimu unapoanza tarehe 1 Oktoba ifungue, hakikisha duara zako zipo na sauti imewashwa, hata kama uliziweka mwaka jana.