Mikseri ya dola 40 ya soko ya Kadutu (Bukavu), kwa mwenye anamulisha mugonjwa na sonda

Ninaandikia wale wenye kuwa na mugonjwa kwa nyumba mwenye anakula kwa sonda ya tumbo (tiyo nyembamba yenye kupeleka chakula mpaka ndani ya tumbo), sababu wakati nilikuwa natafuta mikseri hakuna mutu aliniambia kitu. Mama yangu alipata AVC (kiharusi), kumeza ikakataa, dokta akamuwekea sonda namba 18 (namba ni unene wake). Tulianza na maziwa ya poda, bei yake ikatumaliza, njo dokta akakubali tumusagie chakula ya nyumba, ila alisema wazi: sonda ya chini ya namba 14, ao ile nyembamba ya pua, musijaribu, itaziba.

Hii mikseri iko na chupa ya kioo, wati 500. Juu ya karto wameandika inasaga hata barafu, lakini miye ninaipima na siringi ya ml 60: chakula ikishuka yenyewe, ni muzuri. Wali, karoti, avoka, maharagi yenye kuiva sana, dakika tatu na inakuwa laini kabisa. Ninasaga na supu ao maziwa, hapana maji matupu, juu maji inajaza tumbo na mugonjwa anaendelea kukonda. Sambaza kavu (tusamaki tudogo twa ziwa) inaishinda, mifupa inabakia kama muchanga, sasa ninatwanga kwanza kwa kinu, ninachekecha, unga yake njo inaingia.

Sombe (majani ya muhogo) njo ilinifundisha. Kwa macho ilikuwa laini, kumbe nyuzi ziko ndani, sonda ikaziba usiku, mama ananiangalia tu hawezi kusema, nikashinda nasukuma na kuvuta maji ya vuguvugu polepole polepole karibu nusu saa mpaka ikafunguka, mikono inatetemeka. Tangu ile siku kila kitu kinapita kwa chujio, na maji ml 30 mbele na nyuma ya kila chakula, siruki hata mara moja. Mawese pia muangalie, asubuhi ya Bukavu ni baridi na inaganda ndani ya sonda, miye nilihamia mafuta ya alizeti.

Shida kubwa ni umeme. Motere inakunywa mingi, panneau yetu ya sola haiiwezi, kwa hiyo umeme ikirudi saa kumi ya usiku ninaamka kusaga. Bila frigo chakula haipitishe masaa mbili, yenye kubakia ninamwaga, inauma lakini kuharisha kwa mugonjwa wa sonda ni mbaya zaidi.

Kwa mwezi wa pili kamupira ka chini ya chupa kakaanza kuvuja, muuzaji akakataa kubadirisha, nikazunguka soko yote mpaka nikapata kengine. Hata vile ningeinunua tena, mama ameongeza kilo tatu. Wakati unanunua, muombe muuzaji afungue chini akuonyeshe kale kamupira, na umulipe ka pili palepale, juu njo kanaisha mbele ya kisu.