Tahadhari: muuzaji wa injini “zilizojazwa oili tayari” hapa Lubumbashi

Ndugu zangu wenye magari wa Lubumbashi, nanyi mnaokuja kununua injini hapa kutoka Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa, naandika haya ili yaliyonipata mwezi wa saba yasimpate mwingine. Kuna muuzaji wa injini ndogo za Toyota anayedai kwamba zimefunguliwa, zimesafishwa na kufungwa upya kwa vipuri vipya, na kwamba njia zake za oili zimekwisha kujazwa kwa presha, hivyo mnunuzi hana kazi nyingine isipokuwa kuipachika injini kwenye gari na kuwasha. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu bado yanasikilizwa na mkuu wa mtaa. Namna anavyowahadaa watu, hata hivyo, nitaieleza yote.

Nilimlipa dola 850 kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya Vitz na Probox, kwa ajili ya gari langu la taksi. Kabla ya kutoa pesa nilimuuliza kama oili ilikuwa imekwisha kufika kwenye beringi za kranki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Aliniambia, “Papa, moteri iko tayari, unabakia tu kuwasha,” kisha akanionyesha video katika simu yake: drili inazungusha shafti iliyoingizwa ndani ya injini, na mshale wa manomita, kipimo cha presha, unapanda polepole mpaka unatulia. Nikaridhika, nikalipa. Sikujua kwamba video ile yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimsuta.

Katika injini ya 1NZ-FE pampu ya oili imo ndani ya kifuniko cha mbele, kile kinachofunika cheni, nayo huzungushwa moja kwa moja na ncha ya kranki. Hakuna mahali ambapo drili inaweza kuishika pampu hiyo peke yake. Kazi ya drili ni ya injini za namna nyingine, kwa mfano zile V8 za zamani za Chevrolet, ambazo pampu yake huzungushwa na shafti inayoshuka kutoka kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa buji (plagi): fundi huchomoa distributa, huingiza shafti ya drili mahali pake, na pampu huzunguka huku kranki imetulia. Kwa hiyo anayekuuzia 1NZ-FE na kukuonyesha drili anakuonyesha injini nyingine kabisa.

Huenda mtu akauliza kwa nini jambo hili ni zito kiasi hicho, ilhali oili humiminwa juu na kushuka yenyewe. Beringi za kranki, ambazo mafundi wetu huziita kusine, hazina gololi ndani yake. Ni vipande vyembamba vya chuma vilivyovishwa metali laini, na kati yake na kranki mna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Nafasi hiyo hujaa oili, na kranki ikizunguka huelea juu ya utando wake bila chuma kugusa chuma. Injini iliyotoka kufungwa ina pampu kavu, chujio tupu, na mifereji iliyojaa hewa mwilini mwake mote. Pampu kavu huvuta kwa shida sana, kwa sababu oili yenyewe ndiyo inayoziba mianya kati ya meno yake, na ikikosekana pampu huzungusha hewa tu hata kama karteri, bakuli la oili lililo chini ya injini, imejaa hadi alama ya juu. Ndiyo maana fundi mwaminifu hupaka kila beringi oili nzito ya kufungia injini, hushindilia oili hiyo au vaselini ndani ya pampu, na bado haiwashi injini mpaka ameiona presha kwa macho.

Sisi tuliwasha asubuhi, na anayeishi hapa anajua baridi ya asubuhi za mwezi wa saba inavyoifanya oili kuwa nzito. Injini iliitika mara moja, sauti nzuri, lakini taa nyekundu ya oili haikuzimika. Nilimpigia muuzaji simu akanijibu nikanyage mafuta kidogo ili pampu ivute. Nawasihi, mkiambiwa hivyo msikubali: taa ikiendelea kuwaka, injini izimwe papo hapo, kwa maana kila mzunguko ni chuma juu ya chuma. Mimi nilikanyaga. Taa ilizimika baada ya dakika moja hivi, na muda mfupi baadaye nikasikia chini ya injini mlio mzito wa kugonga, ukienda kasi kila nilipoongeza mwendo.

Fundi mzee wa Kamalondo niliyempelekea injini hiyo hakuanza kwa kuifungua. Alipitisha ukucha kwenye swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa nyekundu. Rangi ya fedha ambayo muuzaji alikuwa ameipulizia injini nzima ilitambaa kutoka kwenye bloku hadi juu ya swichi kama ngozi moja isiyokatika, na ilipobanduka chini yake palikuwa na uchafu mweusi wa miaka mingi uliogandamana kwenye nati. Hapo ndipo manomita hufungwa, na swichi ile haikuwa imeguswa na spana yoyote. Karteri iliposhushwa, oili ilimetameta kwa chembe za metali, kusine za biele, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, zilikuwa zimekwanguka, na kranki sasa inahitaji kuchongwa ili ivalishwe kusine za saizi ya 0.25, yaani nene kuliko zile za mwanzo.

Muuzaji amekataa kurudisha chochote. Risiti yake ina mstari wa Kifaransa, kwa herufi ndogo, unaosema kwamba dhamana inakoma injini ikiwashwa bila oili. Anaushikilia mstari huo na kusema kosa ni langu.

Mkinunua injini ya aina hii, kwa muuzaji yeyote, dai kazi ifanyike mbele yenu kabla pesa haijatoka mkononi. Injini ikiwa bado iko sakafuni, oili husukumwa kwa chombo cha presha kupitia tundu la swichi, huku kranki ikizungushwa taratibu kwa spana na kifuniko cha valvu kikiwa wazi, mpaka ionekane ikichuruzika kwenye kamu, shafti ya juu inayofungua valvu. Ikiwa imekwisha kupachikwa garini, buji zote zitolewe, koili na injekta zikatiwe umeme, manomita ifungwe mahali pa swichi, kisha injini izungushwe kwa stata sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, stata ikipumzishwa kila mara, hadi mshale upande. Buji zikiwa nje hakuna mgandamizo, na beringi hazibebi mzigo mkubwa. Mshale usiposogea baada ya majaribio machache, acheni kabisa na mrudie njia ya chombo cha presha. Kazi yote haifiki nusu siku, na muuzaji asiye na la kuficha hana sababu ya kuikataa.

Mtu huyu bado anaendelea kuuza, na video ni ile ile. Aliyekwisha kununua kwake na bado hajawasha, atazame kwanza rangi kwenye swichi ya oili, aipige picha kabla ya kuigusa, na aihifadhi risiti yake, kwa sababu mkuu wa mtaa ametuomba walalamikaji tufike kwake pamoja, kila mmoja na ushahidi wake.