Tuisheni ya baiolojia, Majengo Moshi: mada ya evolusheni

Wazazi wenye watoto kidato cha nne nisikilizeni. Shuleni kwao dogo wangu ticha aliiruka hii mada ya jinsi viumbe walivyobadilika tangu zamani, kasema yeye mlokole someni wenyewe, na mtihani wa taifa wa NECTA haujui ulokole, sasa nikampeleka tuisheni moja huku Majengo nikakaa nyuma niangalie hela yangu inakwendaje.

Jamaa anajua kufundisha aisee. Kaanza na vitu vya hapa hapa, fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilookota Mary Leakey pale Olduvai 1959, halafu akamwaga majivu sakafuni akayamwagia maji kidogo akamkanyagisha mwanafunzi pekupeku, basi ndo wakaelewa zile nyayo za jamii ya binadamu wa kale pale Laetoli, za miaka milioni 3.6, zilivyobaki kwenye majivu ya volkano. Binti mmoja akauliza, sasa mwalimu Adamu yuko wapi hapo? Darasa kimyaa. Hakumcheka wala hakumkemea, kamwambia imani yako sikugusi mwanangu, hapa tunaangalia ushahidi na unatakiwa uuelewe, na hakuna aliyesema nyani wa leo ndo babu yako, ni kwamba sisi na wao tuna asili moja ya zamani sana. Hilo la nyani hata watu wazima wengi wanalikosea.

Ubaya wake chumba ni joto balaa, bati tupu, na notsi zimetolewa kopi mpaka michoro haionekani. Buku kwa kipindi, mi naona sawa tu. Nyota nne.