TAHADHARI: “Chila” ya spindo unayouziwa mtandaoni ni rejeta na feni

Wakuu, hasa nyie wenye mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) za kuchonga milango na vitanda hapa Dar. Kuna muuzaji anazunguka Instagram na WhatsApp na “seti kamili” ya spindo (mota inayozungusha kisu cha kukatia) ya kupozwa kwa maji: mota ya kilowati 2.2, inveta (kifaa kinachoiendesha mota na kupanga kasi yake) na chila (kifaa cha kupoza maji ya spindo). Kabla hujatuma hela yoyote, soma hapa. Mimi natengeneza mashine hizi, na spindo zilizoungua kutoka kwenye seti zake zinazidi kuletwa mezani kwangu, nyingi zikitoka karakana za Keko. Wengi ni vijana waliokopa mtaji. Inauma kumwambia mtu kwamba kitu alichokinunua juzi hakitengenezeki.

Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu hulibadilisha malalamiko yakizidi. Mtamjua kwa anavyouza. Picha zake ni zilezile za kiwandani, na video inaonyesha spindo ikizunguka hewani, haijagusa ubao. Mzigo kila siku “unatoka bandarini kesho”. Anataka nusu ya hela mapema, na ukiingiza Lipa Namba yake linakuja jina ambalo si lake wala la duka analolitaja. Ukidai risiti ya EFD anakwambia bei itapanda.

Sasa chila yenyewe. Mbele ina kibandiko cha CW-5000, modeli ya chila yenye kompresa. Niliifungua moja mwenye mali akiwa amesimama pembeni: tangi la plastiki, pampu ndogo, rejeta, feni, basi. Hakuna kompresa, hakuna bomba la shaba, hakuna gesi. Kile kioo cha mbele kinakubali uweke nyuzi 20, unabonyeza inakubali, lakini waya zake zinaishia kwenye kipima joto tu. Hakiwashi wala hakizimi chochote. Kibandiko nilikibandua kwa kisu taratibu, na chini yake kulikuwa na kingine: CW-3000.

Hapo ndipo ulipo wizi. CW-3000 halali si kifaa kibaya. Ni rejeta ya maji, imetengenezwa hivyo, na kwa kazi nyepesi za muda mfupi inamfaa mtu. Lakini haina uwezo wa kushusha maji chini ya joto la chumba. Ile halali hutoa takriban wati 50 kwa kila nyuzi moja ambayo maji yamezidi hewa. Karakana ya Dar mchana inafika nyuzi 32 bila shida. Spindo ikitema joto la wati 400, maji yatakaa kwenye 40 na hayatashuka. Hiyo ni rejeta halali na pampu nzima. Hii ya huyu bwana ni nakala yenye pampu inayosukuma kwa kusuasua. CW-5000 ina kompresa ndani kama friji, na bei yake iko juu kwa sababu hiyo. Huyu anachukua bei ya friji anakupa feni.

Halafu unapandisha mlango wa mninga, uchongaji wa 3D, mashine inakata saa nyingi mfululizo. Spindo hii hufika mizunguko 24,000 kwa dakika inveta ikiwa kwenye hezi 400, na imebebwa na beringi ndogo zenye grisi kidogo sana. Joto likipanda shafti inatanuka, beringi zinabanwa, na kubanwa kunaongeza joto jingine. Grisi inakauka. Nikizifungua nakuta gololi zimepata rangi ya bluu, grisi imekuwa unga mweusi, na waya za mota zinanuka vanishi iliyoungua.

Kilichonikasirisha zaidi ni sensa ya mtiririko. Chila ya kweli ina waya za alamu nyuma, unaziunganisha kwenye inveta au kwenye kidhibiti cha mashine ili maji yakisimama, spindo nayo isimame. Kwenye ile niliyoifungua tundu la alamu lipo, skrubu zipo, lakini ndani hakuna waya hata mmoja. Mpira wa maji ukijikunja usiku, mashine inaendelea kukata kavu mpaka inakwama.

Ukirudi kwake na malalamiko atakuuliza ulitumia maji gani. Ukisema ya kisima, anakwambia waranti imekufa. Wakati ni yeye mwenyewe anayewaambia wateja “maji yoyote tu”. Ujumbe wa sauti nimesikilizishwa. Maji ya visima vyetu vingi Dar yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye njia za maji za spindo na kutu juu yake. Weka maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, na kulanti ya kuzuia kutu.

Jinsi ya kumnasa kabla ya kulipa: kwanza kibati, kile chenye maelezo ya kiwandani. Chila yenye kompresa lazima kibati chake kitaje aina ya gesi, kwa mfano R-134a, na uzito wa gesi hiyo. Kibati hakitaji gesi, hiyo ni rejeta hata kama kibandiko kinasema nini. Inyanyue pia, kompresa ni chuma, uzito utausikia mkononi. Kisha dai ijazwe maji na iwashwe mbele yako, uiweke nyuzi tatu au nne chini ya joto la chumba, na kaa hapo hapo nusu saa na kipima joto chako. Kompresa huweza kuchelewa dakika chache kuwaka, hiyo ni kawaida. Rejeta haitafika kamwe.

(Ukipata ya kweli, usiiweke nyuzi 15 kwa furaha. Kwa unyevu wa pwani spindo itatoa jasho na maji yataingia kwenye beringi. Iache karibu na joto la hewa.)

Na kabla hujafunga spindo yoyote ya kwenye seti hizi, pima kwa testa kati ya pini ya nne ya plagi na mwili wa spindo. Kadhaa nilizopima, pini hiyo haijaunganishwa na kitu, yaani hakuna ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Mota ya volti 220 inayopitiwa na maji, imeshikwa kwenye fremu ya chuma ambayo kijana anaishika siku nzima. Kama ina hitilafu ya ethi, isiwashwe mpaka fundi aiunganishe.

Aliyekwisha kulipa: tunza meseji, muamala, picha ya kibandiko cha juu na cha chini. Ripoti ya utapeli ipeleke polisi, na suala la bidhaa yenye nembo bandia lipeleke Tume ya Ushindani, FCC. Walioshikwa na seti hii wakijitokeza pamoja itakuwa rahisi zaidi, kwa hiyo weka picha ya kibati chako hapa chini na funika namba zako za simu.