Wikendi ya kujifunza kuishi porini: 18,000 yangu ilienda wapi

Sijui nani alinidanganya ati mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anahitaji kujua kuwasha moto bila kiberiti, lakini Februari nilijipata nimetuma 18,000 kwa M-Pesa kwa kambi moja kule barabara ya Magadi, siku tatu usiku mbili, na vile watu wa ofisi wameniuliza mpaka nimechoka, acha niandike mara moja.

Tulikuwa tutoke Galleria, ile mall ya Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi Ijumaa. Gari ikafika saa mbili na robo, dereva anasema jam, jam gani na saa hizo watu wote wanaingia mjini, sisi ndio tunatoka? Haya. Ukishapita Kiserian unazunguka mgongo wa Ngong halafu barabara inateremka tu, masikio yanaziba, na ile sweta nilitoka nayo nyumbani niliivua kabla hata ya Olepolos. Tukapita Olorgesailie, pale watu wa kale waliacha mashoka yao ya mawe yametapakaa chini mpaka leo, na ningejua vile wikendi itaenda ningeomba wanikopeshe moja, kwa sababu tangazo lilisema darasa la watu 8 na tulikuwa 17. Mapanga yalikuwa manne.

Siku ya kwanza ilikuwa ya yule mwalimu kijana, ana kisu kwa paja, kingine kwa buti. Anaongea vizuri sijakataa, lakini karibu kila kitu chake ni cha nchi za baridi. Alitufundisha kutafuta kaskazini kwa mshale wa saa na jua, saa sita mchana, jua liko juu ya kichwa hapo hapo, kivuli changu kiko chini ya viatu. Kisha akatugawa tuchimbe shimo, unaweka majani na kikombe katikati, unafunika na nailoni, unaweka kijiwe juu, mvuke unadondoka kwa kikombe. Tulichimba watu watano ile joto yote. Jioni kufunua, maji hayajafika nusu ya kikombe cha chai, na yananuka nailoni. Muda huo wote kulikuwa na mzee mmoja Mmaasai wa hapo kambini amelala chini ya mgunga, kofia usoni, akaamka akaangalia shimo akatuangalia na mashati yamelowa, akasema, "Vijana, maji yenu ni hayo mmemwaga kwa shati."

Mimi kutoka hapo nikamfuata huyo mzee tu.

Usiku ule ule nikamuuliza, sasa mzee, bila simu wewe unajuaje njia? Akanionyesha zile nyota tatu zimejipanga mstari, akasema hizo hutoka mashariki kabisa na kulala magharibi kabisa, basi. Hakuna hesabu. Nimekaa Nairobi miaka yote hii nikiziona juu ya paa la ploti na sikuwahi kuziuliza chochote.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ya moto, na hapa ndipo pesa yangu ilirudi. Kuna kijiti kirefu cha kuzungusha, ulindi kwa Kiswahili cha vitabu, na kipande cha mti laini cha chini chenye kishimo na mkato kwa ubavu. Unapekecha kwa viganja, mikono inateremka yenyewe, ikifika chini unairudisha juu haraka, ukipumzika hapo umeanza upya. Nilitoa moshi mara nne, kila mara nikishangilia na unazima. Mzee akaniambia niache kuangalia moshi niangalie unga. Ukiwa wa hudhurungi bado, ukiwa mweusi na moshi unatoka kwa unga wenyewe hata ukitoa mikono, umepata. Mara ya tano nikauona, kitu kidogo kama punje ya dengu, chekundu ndani. Unakimwaga kwa mavi makavu ya punda yaliyovurugwa na nyasi, unapuliza polepole kama unapoza uji wa mtoto. Ikawaka! Viganja vilikuwa na malengelenge mawili yamepasuka na nilikuwa nacheka kama mwendawazimu.

Chakula usijali, ni ugali na sukuma. Kama unakuja kutega sungura sahau, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku tangu 1977, na hapo hawachezi.

Sasa lalamiko langu kubwa, na nililiambia meneja pia. Somo la nyoka lilikuwa zuri sana: usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, tuliza mguu usisogee, mpeleke mtu hospitali yenye dawa ya sumu. Kifutu yeye hakimbii, anangoja umkanyage, kwa hivyo usiku tembea na tochi hata ukienda choo tu. Sawa. Nikainua mkono nikauliza, hospitali tunaenda na nini? Kwa sababu gari ilikuwa imerudi Nairobi tangu Ijumaa! Iliyobaki ni nduthi moja, na netiweki mpaka upande kilima. Watu 17. Aliyetufundisha alicheka, akasema hajawahi kupata shida. Zipu ya hema langu ilikuwa imekufa pia, nikalala nimeibana na vibanio vya nguo.

Kama mnaenda, pigeni simu kwanza muulize gari italala wapi na darasa ni la watu wangapi, na muulize kama mzee yuko wiki hiyo. Akiwa hayuko msitume pesa. Mimi ulindi wangu uko juu ya friji, nilijaribu Jumanne hapo balkoni, moshi ukatoka vizuri, mpaka keateka akaja kugonga kuuliza nani anachoma makaa ghorofa ya tatu.