Barakoa ya mpira yenye vichujio viwili: fundi wa faiba, nunua hii

Nimeivaa tangu kaskazi iliyopita kwenye karakana ya boti hapa Kigamboni, na nawaandikia hasa mafundi wenzangu ambao bado mnajifunga kitambaa puani au kuvaa barakoa za karatasi za hospitali. Hivyo havizuii mvuke wa resini, ile gundi ya maji tunayolowanishia faiba, hata kidogo.

Hii inafunika pua, mdomo na kidevu, na kila upande ina kichujio cha kuzungusha. Kichujio ndicho cha kukikagua dukani kuliko kitu kingine. Vyangu vimeandikwa A2P3: A2, mstari wa kahawia, ni ya mvuke; P3, mstari mweupe, ni ya vumbi. Kwenye vichujio vya mfumo wa Marekani, mstari wa mvuke ni mweusi. Muuzaji mmoja Kariakoo alinisisitizia kwamba P3 peke yake inatosha. Kwa kupiga msasa, sawa. Kwa resini, hapana, maana mvuke unapenya.

Na mvuke wenyewe si wa kuchezea. Stairini, kemikali ya kwenye resini inayotoa mvuke huo, ni nzito kuliko hewa, hivyo tukitandaza mati ya nyuzi za kioo ndani ya boti inatuama chini, pale pale fundi alipopiga magoti na rola yake. Tulikuwa tunatoka humo vichwa vinagonga. Mwaka 2018 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, waliiweka stairini kwenye kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Nyuzi za kioo za mati hazimo kundi hilo. Nyingi ni nene mno kufika ndani kabisa ya mapafu, ila ngozi, koo na macho zinavichoma kwelikweli.

Tangu niivae, kichwa hakiniumi tena siku ya resini. Joto lake ni kali, jasho linajaa kidevuni, na kuongea ni shida, kwa hiyo tunaelekezana kwa mikono. Mwenye ndevu haimfai, kwa sababu mpira haushiki ngozi. Kila ukivaa, ziba vichujio kwa viganja kisha vuta pumzi: barakoa lazima inyonye uso. Ukimaliza kazi, vifungie vichujio kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo mkaa wa ndani yake unaonasa mvuke unaendelea kuchoka vikiwa vimetundikwa tu. Ukianza kusikia harufu ya resini ndani, toka ukabadilishe. Kwenye tangi lisilo na hewa usiingie nayo. Inachuja tu, haikuletei oksijeni.

Macho inayaacha wazi. Nunua na miwani ya kuziba pande zote, kwa sababu tone la hadna ya kukaushia resini linaweza kupofua. Likiruka, suuza papo hapo kwa maji mengi, ukimbie hospitali.

Mwasho nao haiuzuii. Vaa mikono mirefu, jimwagie maji baridi kwanza bila kujisugua, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Naomba sana hilo la watoto.

Bei yake inauma kwa fundi wa kulipwa kwa siku. Kabla ya kulipa, hakikisha duka lina vichujio vya akiba vya aina hiyo hiyo, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti.