Maswali ya wabunge kuhusu biashara na ajira: njia ipi inaleta jibu?

Mfanyakazi anakatwa mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi, na mwajiri haufikishi kwenye mfuko. Mfanyabiashara naye mzigo wake umelala forodhani kwa kanuni ambayo hajawahi kuonyeshwa. Wote wawili wana huduma moja ya umma isiyodai ada wala wakili: mbunge anaweza kumuuliza waziri, na waziri anawajibika kujibu. Katiba ya Tanzania imeiweka haki hiyo katika ibara ya 63(3)(a), ya kwanza kabisa kati ya nyenzo ambazo Bunge limepewa kuisimamia Serikali. Hapa tunaipima kama inavyopimwa huduma yoyote nyingine: unapeleka nini, unapata nini, baada ya siku ngapi, na inaharibikia wapi.

Njia ni tatu: swali la mdomo ukumbini, swali la maandishi, na kamati ya Bunge. Tathmini yetu ni kwamba swali la maandishi ndilo lenye faida kubwa zaidi, na ndilo linalotumika kwa uzembe zaidi. Swali la ukumbini hupewa sifa kuliko uwezo wake. Kamati ni ya kupata nyaraka na mashahidi, na haifai kwa kitu kingine.

Tuanze na ukumbi, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye televisheni na ndiko watu hukimbilia. Nafasi zake ni chache mno. Katika Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, lenye wabunge zaidi ya 500, maswali yanayopangwa kujibiwa kwa mdomo ni 20 kwa siku, na muda wa maswali ni saa moja, kwa hiyo mengi kati ya hayo 20 hayafikiwi. Mengine hadi 230 hujibiwa kwa maandishi siku hiyohiyo. Uingereza, zamu ya kila wizara kujibu ukumbini huja takriban kila baada ya wiki tano, na majina ya watakaouliza huchaguliwa kwa bahati nasibu ya kompyuta. Kiwanda kikifunga geti leo bila kulipa mishahara, zamu ya wizara ya biashara inaweza kuwa mwezi ujao. Liko swali la dharura, ambalo Spika anaweza kuliruhusu siku hiyohiyo, lakini huruhusiwa pale tu jambo linapokuwa jipya, zito na lililo ndani ya wajibu wa Serikali. Mgogoro wa mshahara uliodumu miaka miwili hauna nafasi hapo, hata kama unawaumiza watu kiasi gani.

Swali la msingi, yaani lile lililopangwa kwenye orodha ya siku, halimshtui waziri. Limewasilishwa siku kadhaa kabla, wataalamu wa wizara wameandaa jibu, na kazi yake siku hiyo ni kulisoma. Kinachopima uwezo wake ni swali la nyongeza, kwa kuwa halijui mpaka linaulizwa. Hapo ndipo wabunge wengi hupoteza kila kitu: anashukuru kwanza, anasifu barabara ya jimboni, kisha anafunga maswali matatu katika sentensi moja. Waziri huchagua lililo rahisi, mengine yanapotea. Nyongeza nzuri ina mstari mmoja na hutoka ndani ya jibu lenyewe. Tuseme waziri amesema viwanda 40 vilikaguliwa na 12 vikakutwa na makosa. Nyongeza iwe: “Kati ya hivyo 12, ni vingapi vimefikishwa mahakamani hadi leo?” Akitoa namba, imeingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni. Asipoitoa, hilo nalo limeingia.

Mbunge aliyejiandaa huja na nyongeza mbili, moja ya kutumia jibu likiwa “ndiyo” na nyingine likiwa “hapana”. Mwananchi au chama cha wafanyakazi kinachompelekea mbunge hoja kimpelekee na nyongeza hizo, zikiwa zimeandikwa, pamoja na karatasi ya nusu ukurasa yenye kifungu cha sheria na namba zinazojulikana. Barua ya kurasa sita haisomwi asubuhi ya kikao.

Sasa maandishi. Hapa hakuna makofi wala kamera, na hilo ndilo linalolifanya swali liwe na kazi. Jibu linaweza kubeba jedwali la namba za wilaya zote, jambo lisilowezekana kwa mdomo. Muda nao unajulikana. Uingereza, swali la kawaida la maandishi hutarajiwa kujibiwa ndani ya siku 7, na mbunge anaweza pia kutaja siku anayotaka jibu akitoa notisi ya siku 3 za vikao, kwa maswali yasiyozidi 5 kwa siku. Bunge la Ulaya humruhusu mbunge maswali 20 ya maandishi kwa kila miezi mitatu. Yale ya kipaumbele hutakiwa kujibiwa ndani ya wiki 3, mengine wiki 6. Kasoro inayojulikana ni jibu la kusubirisha: siku iliyotajwa inafika na wizara inaandika kwamba jibu litaletwa mapema iwezekanavyo. Kiutaratibu wamejibu. Dawa yake ni kuuliza tena, safari hii ukiuliza lini jibu la swali la tarehe fulani litatolewa.

Ubora wa jibu hutegemea maneno ya swali kuliko kitu kingine chochote. Linganisha haya mawili. La kwanza: “Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wafanyakazi wa viwandani wanaonyanyaswa?” Hili linaomba hotuba, na hotuba ndiyo itakayokuja: Serikali inatambua, inathamini, inaendelea na mchakato. La pili: “Je, kati ya Januari na Desemba mwaka jana: (a) ni viwanda vingapi vilikaguliwa na maafisa kazi, (b) vingapi vilikutwa havilipi saa za ziada, (c) wafanyakazi wangapi walilipwa mapunjo yao kutokana na ukaguzi huo?” Swali la pili lina kipindi, lina kitu cha kuhesabu, na kila kipengele kinasimama peke yake. Wizara ikikwepa (c), pengo linaonekana kwa macho.

Kuna silaha moja kwenye maswali ya ajira ambayo haitumiki inavyostahili. Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, unahusu ukaguzi wa kazi. Ibara yake ya 20 na ya 21 zinaitaka mamlaka ya ukaguzi itoe ripoti kila mwaka, ndani ya miezi 12 baada ya mwaka husika kwisha, yenye idadi ya watumishi wa ukaguzi, sehemu za kazi zinazopaswa kukaguliwa na wafanyakazi waliomo, ziara zilizofanyika, makosa na adhabu, ajali za kazini na magonjwa yatokanayo na kazi. Nchi nyingi zimeuridhia, zikiwemo Tanzania na Kenya. Kwa hiyo katika nchi iliyouridhia, mbunge haombi hisani akitaka namba hizo. Anauliza ripoti ya mwaka fulani ilichapishwa tarehe ngapi na inapatikana wapi. Jibu la “takwimu hazijakusanywa” hapo linakuwa zito sana kwa waziri, maana ni kukiri kwamba wajibu uliosainiwa haujatimizwa.

Kwa maswali ya biashara, kinacholingana na hilo ni namba ya bidhaa. Tarakimu 6 za kwanza za namba ya forodha ni zilezile kwa karibu nchi zote zinazofanya biashara duniani. Ukiuliza ushuru wa “vitambaa” au “mafuta ya kula” utajibiwa wastani, au utajibiwa kuhusu bidhaa nyingine kabisa, kwa sababu mafuta ghafi na yaliyosafishwa hayana namba moja na mara nyingi hayatozwi sawa. Andika namba. Kisha tenganisha mambo matatu ambayo kwenye malalamiko huja yamefungwa pamoja: kiwango cha ushuru, kibali au cheti kinachotakiwa, na siku ambazo mzigo unakaa. Mara nyingi kila kimoja kina wizara yake. Ushuru ni wa fedha, leseni ni ya biashara, cheti kinaweza kuwa cha kilimo au afya. Swali lililochanganya yote huhamishwa kutoka wizara moja kwenda nyingine, na wiki zinapita.

Maswali mengi hayafiki hata kwa waziri. Ofisi ya Bunge huyarudisha, na sababu hujirudia: swali linatoa hoja badala ya kuuliza, linaomba maoni, linakisia jambo ambalo halijatokea, liko nje ya wajibu wa waziri, au limeshajibiwa karibuni. Mwajiri binafsi hawajibiki bungeni, hivyo swali la “kwa nini kampuni hii haijalipa” litarudi. Liulize upande wa Serikali: lini maafisa kazi walikwenda pale, walikuta nini, walichukua hatua gani kwa kifungu kipi.

Kikwazo kinachowaumiza wafanyakazi zaidi ni shauri lililo mahakamani. Chama kikishafungua kesi, kanuni za mabunge mengi huzuia swali linaloligusa shauri hilo, na waziri naye huo ndio mlango wake wa kwanza wa kutokea. Ni vizuri kupanga mapema: swali la kutafuta taarifa liende kabla ya kesi kufunguliwa. Kesi ikishafunguliwa, uliza mfumo mzima bila kutaja pande husika, kwa mfano migogoro mingapi ya kuachishwa kazi imekaa zaidi ya mwaka bila uamuzi.

Mlango wa pili wa kutokea ni siri ya kibiashara, hasa kwenye mikataba ya uwekezaji na mazungumzo ya biashara na nchi nyingine. Usiombe mkataba mzima. Uliza umesainiwa lini, na nani, una vipengele vingapi vya msamaha wa kodi, na msamaha unakwisha mwaka gani. Mlango wa tatu ni gharama. Serikali ya Uingereza imejiwekea kikomo cha paundi 850 kwa kuandaa jibu moja la maandishi, na swali linalozidi hapo linaweza kukataliwa. Kupunguza kipindi kutoka miaka 10 hadi 2, au kuligawa swali kwa mikoa, mara nyingi hulirudisha ndani ya kikomo.

Kamati ni chombo kingine kabisa. Kenya inaonyesha tofauti vizuri. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, na ibara ya 153(3) ikawataka wafike mbele ya kamati wakiitwa. Ibara ya 125 inazipa kamati mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu ya kuita mashahidi, kuwaapisha na kudai nyaraka. Mwaka 2023 mawaziri walianza kufika ukumbini pia kujibu maswali, lakini nguvu ya kudai karatasi imebaki kamatini. Na kamati huweza kumkalisha asiye waziri. Tarehe 17 Machi 2022 kampuni ya P&O Ferries iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 bila notisi. Wiki moja baadaye mkuu wake aliketi mbele ya kamati mbili za Bunge la Uingereza zikiwa pamoja, akakiri kwamba sheria iliwataka kushauriana na vyama vya wafanyakazi na kwamba waliamua kutofanya hivyo. Hakuna swali kwa waziri ambalo lingeleta kauli hiyo. Lakini kukiri hakukuwarudisha mabaharia kazini, na anayekwenda kamatini akitarajia amri ya mahakama atavunjika moyo. Kamati inatoa ushahidi. Utekelezaji uko kwingine.

Palipo dhaifu kuliko kote katika huduma hii ni baada ya jibu. “Tumelipokea, tutalifanyia kazi” ni ahadi, na mabunge mengi huiacha ipite. India haiiachi. Lok Sabha ina Kamati ya Ahadi za Serikali tangu 1953, na imeorodhesha misemo ambayo waziri akiitamka inahesabiwa kuwa ahadi, ikiwemo “suala hili linafikiriwa” na “nitalitazama”. Serikali hupewa miezi mitatu kutimiza au kuomba muda zaidi. Bunge la Uganda nalo lina kamati ya ahadi za Serikali. Pasipokuwa na kamati ya namna hiyo, kazi ni ya aliyeomba swali liulizwe: hifadhi ukurasa wa Hansadi, andika tarehe, namba ya swali na maneno kamili ya ahadi, kisha hesabu siku 90. Zikiisha, mpelekee mbunge swali linaloanza, “Tarehe hiyo, akijibu swali namba hiyo, Waziri aliliambia Bunge kwamba…” na liulize hatua gani imechukuliwa tangu siku ile, na tarehe ngapi. Kwa kuuliza kilichobadilika, halirudishwi kwa sababu ya kwamba limeshajibiwa.